Kamera Haichafui Nchi: Somo la Mohamed Amin kwa Kizazi Chetu

Makamanda,

Kuna neno moja machawa wamelikariri siku hizi: "taswira". Ukiweka picha ya kijana aliyepigwa virungu, unachafua taswira ya nchi. Ukiweka video ya mama analia nje ya mochwari, unachafua taswira ya nchi. Ukiweka picha ya darasa ambalo watoto wamekaa chini kwenye vumbi, tayari wewe ni kibaraka wa mabeberu. Sasa naomba niulize swali la kitoto kabisa: aliyechafua ni nani, aliyeshika kirungu au aliyeshika simu?

Swali hili halikuanza na sisi. Kuna mtu alilijibu kwa maisha yake yote, na inaniuma kwamba vijana wengi wa chama chetu hawamjui. Anaitwa Mohamed Amin, wenzake wakimwita Mo. Tunazijua sura za wapiga debe wote wa mtandaoni, ila mpiga picha mkubwa kuliko wote aliyewahi kutoka ukanda huu hatumjui. Leo tumjue, kwa sababu kazi yake inatuhusu moja kwa moja.

Mo alizaliwa Nairobi Agosti 1943, lakini alikulia Dar es Salaam. Hapa hapa. Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, katika jiji hili. Rudia kusoma huo umri. Ni umri wa wengi mnaosoma makala hii. Hakuwa na baba waziri wala udhamini wa kampuni ya simu. Alikuwa na kamera na miguu ya kukimbilia habari.

Yalipotokea Mapinduzi ya Zanzibar Januari 1964, alikwenda kuyapiga picha. Miaka miwili baadaye alirudi kisiwani na kurekodi mafunzo ya kijeshi yaliyokuwa yakiendeshwa na wageni kutoka nchi za kambi ya Mashariki, jambo ambalo wakubwa hawakutaka lijulikane. Akakamatwa. Akatiwa gereza la Kiinua Miguu karibu mwezi mzima, akateswa, kisha akafukuzwa na kurudishwa Kenya. Hiyo ni mwaka 1966.

Sasa mimi nasoma sheria, na darasani tunafundishwa kwamba kila kosa lazima liwe na viambato vyake. Tutafute basi viambato vya kosa la Mo. Alitunga uongo? Hapana. Aliiba? Hapana. Alipiga picha ya kitu kilichokuwepo, mahali kilipokuwepo, siku kilipokuwepo. Mtu anayedanganya unaweza kumjibu kwa kutoa ukweli. Mtu anayeonyesha ukweli huna la kumjibu, ndiyo maana unamfunga. Kuanzia hapo mpaka leo mantiki ya dola yenye cha kuficha haijabadilika hata nukta moja.

Julai 5, 1969, Tom Mboya alipigwa risasi katikati ya jiji la Nairobi mchana kweupe, akitoka dukani. Mo alifika ndani ya dakika chache na kamera yake ikafanya kazi wakati wanahangaika kuokoa maisha ya yule waziri. Kuna watu walisema, na bado wanasema, kwamba si ustaarabu kumpiga picha mtu anayekufa. Nawaelewa. Lakini fikirini kidogo: mwanasiasa kijana, maarufu, tishio kwa waliotaka kurithi kiti, anauawa barabarani. Bila picha zile, Mboya angegeuka tangazo la kifo lenye aya mbili. Pamoja na picha zile, Mkenya wa leo ambaye hata wazazi wake walikuwa hawajazaliwa bado anauliza nani aliagiza. Swali halijajibiwa, sawa, ila halijazikwa pia.

Tuje Ethiopia. Hapa ndipo kila chawa anapaswa kukaa kitako asikilize.

Mwaka 1984 serikali ya Mengistu ilikuwa inajiandaa kwa sherehe za miaka 10 ya mapinduzi, zilizofanyika Septemba. Addis Ababa ikapambwa, mabango yakawekwa, gwaride likapita. Wakati huo huo kaskazini, Wollo na Tigray, watu walikuwa wanakufa kwa njaa, na wakubwa hawakutaka njaa hiyo iharibu sherehe. Eti taswira ya nchi! Oktoba, Mo na mwandishi wa BBC, Michael Buerk, wakafika Korem. Picha zikaonyeshwa BBC Oktoba 23, 1984, kisha zikazunguka dunia nzima. Watu wakachanga. Wanamuziki wakajikusanya. Julai 13, 1985 tamasha la Live Aid likafanyika London na Philadelphia. Chakula kikaenda, kwa kuchelewa, lakini kikaenda.

Na haikuwa mara ya kwanza kwa nchi hiyo. Mwaka 1973 serikali ya Haile Selassie nayo ilificha njaa ya Wollo, mpaka filamu ya mwandishi Mwingereza, Jonathan Dimbleby, ikaionyesha. Mfalme akaondolewa mwaka uliofuata. Waliomwondoa wakaitumia filamu ile ile kumwaibisha. Kisha hao hao, miaka 10 baadaye, wakaficha njaa ya kwao. Mnaona? Kila anayeingia madarakani anapenda kamera inayomwonyesha mwenzake na anachukia inayomwonyesha yeye. Tulikumbuke hilo hata sisi tunaotaka kushika dola. Nitalirudia chini.

Sasa, kilichofanya picha za Korem ziwe na nguvu ni nini? Njaa ilikuwa imesharipotiwa kwenye makaratasi. Mashirika yalikuwa yameshaandika na takwimu zilikuwepo. Kilichokosekana ni sura. Mo hakuonyesha umati tu. Kamera yake ilitua kwenye nyuso, ikakaa, ikamwangalia mtu mmoja, kisha mwingine. Hiyo ni kazi ya mpiga picha za sura za watu akiwa ndani ya uwanja wa maafa. Watu wengi wanadhani hizi ni fani mbili tofauti: huyu wa vita, anakimbia na kofia ngumu; yule wa sura za watu, anakaa studio na taa. Kwa Mo ilikuwa kazi moja. Alipiga picha za marais na za wachungaji ng'ombe. Alifanya vitabu vya picha vya hija ya Makka, vya watu wa Ziwa Turkana, na kimoja cha safari ndani ya Tanzania yetu. Mtu aliyejifunza kuangalia uso wa binadamu wakati wa amani ndiye anayeweza kuuangalia bila kuudhalilisha wakati wa balaa.

Hapo kwenye sura ndipo penye siasa yenyewe. Dola inapotaka kumaliza jambo, inalipa jambo hilo jina la jumla: "wahuni", "waandamanaji", "wachache wasioitakia mema nchi". Jina la jumla halina macho wala mama. Ukiweka sura, neno "mhuni" linakwama kooni. Unaona ni kijana wa bodaboda, ana jezi ya timu yake, ana miaka 19.

Tuje nyumbani basi.

Septemba 2, 2012, kijiji cha Nyololo, Mufindi, mkoani Iringa, Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa akiwa kazini, akifuatilia shughuli ya ufunguzi wa matawi ya chama cha upinzani. Wengi wetu tulikuwa shule ya msingi. Zipo picha zinazomwonyesha akiwa amezungukwa na askari muda mfupi kabla hajafa. Askari mmoja alishtakiwa, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, miaka 15 jela. Unaweza kubishana na adhabu, unaweza kuuliza kwa nini mmoja tu wakati walikuwa wengi. Mimi nauliza pia. Lakini jiulize kesi ile ingekuwaje kama pasingekuwa na kamera nyingine pale. Lingebaki neno la mwenye sare dhidi ya neno la marehemu, na marehemu haitwi kizimbani.

Linganisha na Azory Gwanda, mwandishi wa Kibiti, aliyechukuliwa Novemba 2017. Picha ya waliomchukua hakuna, na kesi hakuna. Mpaka leo familia haina hata kaburi. Linganisha na Tundu Lissu, aliyemiminiwa risasi Dodoma Septemba 7, 2017. Yeye mwenyewe amesema mara nyingi kwamba kamera za ulinzi kwenye makazi yale ziliondolewa baada ya tukio. Nani anaondoa kamera? Kwani kamera ya ukutani nayo ni ya mabeberu?

Halafu ikaja Oktoba 29, 2025. Siwezi kuwasimulia mlichokiona wenyewe. Intaneti ikazimwa. Tukakaa gizani siku kadhaa, kila mtu anapiga simu za kawaida kuuliza ndugu yake yuko wapi. Iliporudi, hatukupokea pole. Tulipokea ujumbe kwenye simu kutuonya tusisambaze picha na video zinazoleta taharuki. Yaani katika yote yaliyotokea siku zile, jambo la haraka la kushughulikia lilikuwa galari ya simu yako! Na bado picha hizo hizo, zilizopigwa na vijana wasio na kitambulisho chochote cha uandishi, ndizo zilizofanya dunia iulize maswali. Tume ya uchunguzi ikaundwa. Mnadhani ingeundwa kama kila mtu angetii ule ujumbe?

Sasa tuzijibu hoja zao, maana tusiwe watu wa kupiga kelele tu.

Hoja ya kwanza: picha zinaleta taharuki. Jibu langu ni kwamba taharuki ya kweli ni kutojua. Mama ambaye mwanawe hajarudi siku tatu hana amani kwa sababu eti hajaona picha. Anazunguka hospitali hadi hospitali. Uvumi unaota pale ambapo picha ya kweli imezuiwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami naiheshimu: utu wa marehemu. Ibara ya 12 ya Katiba inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Sawasawa. Lakini soma neno lile "kutambuliwa". Anayevunja utu wa marehemu kwanza ni aliyemuua, wa pili ni anayemzika bila jina, wa tatu ndiyo huyo anayetuma maiti kwenye magrupu ya WhatsApp kwa ajili ya likes. Huyo wa tatu simtetei. Ila serikali isijifiche nyuma yake. Anayejali utu wa marehemu aanze kwa kutaja majina yao na kuwarudishia ndugu miili yao, halafu tutakaa pamoja kuzungumza adabu ya picha.

Hoja ya tatu: Mo Amin huyo huyo picha zake zilituaibisha Waafrika, zikatufanya ombaomba mbele ya dunia. Hii hoja hata ndani ya harakati ipo, na ina ukweli wake. Kuna wazungu walioziona picha za Korem wakadhani Afrika yote ni vumbi na mifupa. Lakini huwezi kumlaumu aliyepiga picha ya njaa kuliko aliyeificha njaa. Na Mo hakuja kwa ndege kuiba picha na kuondoka. Alikuwa mtoto wa hapa, ofisi yake iko hapa, akapiga picha za bara hili kwa miaka zaidi ya 30, harusi zake, wanyama wake, viongozi wake, siku njema na siku mbaya. Tatizo la picha moja dawa yake ni picha nyingi, zilizopigwa na sisi wenyewe.

Hoja ya nne: alikuwa karibu mno na wakubwa. Kweli, alipiga picha za kila mtawala, akiwemo Idi Amin, ambaye aliipenda kamera kama chakula. Lakini angalia picha za Idi Amin leo, zile medali, lile tumbo, kile kicheko. Nani amewahi kuziangalia akasema huyu alikuwa kiongozi mwema? Mtawala akijipanga mbele ya kamera anadhani anajipamba, kumbe anatoa ushahidi.

Hapa nawageukia ninyi, makamanda. Kurasa zetu zimejaa nini? Bango la kiongozi, kachujwa ngozi mpaka anang'aa, nyuma anga la bluu na ngumi juu. Sawa, kampeni ni kampeni. Lakini iko wapi sura ya mama ntilie aliyebomolewa kibanda? Iko wapi sura ya mkulima wa korosho? Tukipiga picha za viongozi wetu tu, tunafanya kile kile wanachofanya wao kwa rangi tofauti. Na nilisema nitalirudia: siku tukishika dola, kamera itatugeukia sisi. Tujizoeze mapema kuipenda hata ikituonyesha vibaya.

Sheria inasemaje? Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi, na haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Imesema kila mtu. Haikusema kila mwenye kitambulisho cha ithibati. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilipelekwa Mahakama ya Afrika Mashariki, na Machi 2019 mahakama hiyo ikasema vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinahusu taarifa za uongo na za kupotosha, zinazotolewa na mtu anayejua ni za uongo. Picha ya kweli, yenye tarehe ya kweli na mahali pa kweli, inakuwaje uongo? Najua watakukamata hivyo hivyo. Sisemi sheria itakulinda saa nane usiku wanapogonga mlango. Nasema usikubali wakuambie kwamba uliyevunja sheria ni wewe.

Na kuna jambo la vitendo ambalo wengi hatulijui. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inasema ushahidi wa kielektroniki hauwezi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini mahakama inaupima uzito wake: ulitengenezwaje, ulihifadhiwaje, umechezewa au haujachezewa, nani aliutoa. Kwa hiyo:

Usifute faili la asili. Picha iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na kupoteza taarifa zake za ndani. Ukilazimika kuituma, itume kama dokumenti, na asilia ibaki kwenye kifaa kingine.

Usiweke filta, maandishi wala muziki wa huzuni kwenye nakala ya ushahidi. Ukitaka kuipamba ya kuweka status, tengeneza nakala.

Andika pembeni: siku, saa, mtaa, nini kilitokea kabla na baada. Daftari la shilingi elfu moja linatosha.

Ukimpiga mtu picha ya sura, ongea naye. Muulize kama anataka jina lake litajwe. Kama sura yake itamletea balaa, ificha. Ushujaa wako usilipiwe na mtu mwingine.

Na tafadhali, achaneni na picha za Goma za mwaka juzi mnazoziandikia "Mbagala leo". Kila picha feki tunayosambaza ni zawadi kwa wao. Wanaikamata moja ya uongo, wanaitumia kukana mia za kweli.

Mo hakuishia pazuri kwa maana ya kustarehe. Juni 1991, Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka. Mwenzake wa sauti, John Mathai, akafa pale pale. Yeye akapoteza mkono wa kushoto. Akawekewa mkono wa bandia, na ndani ya miezi michache akarudi kazini. Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopia aliyopanda ilitekwa na kuanguka baharini karibu na Ngazidja, Komoro. Alikuwa na miaka 53. Walionusurika walisimulia kwamba dakika za mwisho alikuwa amesimama, akibishana na watekaji, wakati abiria wengi wamekaa.

Siwaambii mkafe. Tumeshazika vya kutosha. Nawaambia msifute. Zile picha na video mlizonazo kwenye simu, ambazo mliambiwa ni hatari kuwa nazo, ni mali ya familia ambazo bado zinatafuta watu wao, na ni mali ya mahakama itakayokaa siku moja, iwe hapa au kwingine. Leo usiku, kabla hujalala, zitengenezee nakala ya pili. Kesho, mtafute wakili unayemwamini.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu.